Mama Mkwe na Viazi vya Kuoka

Kazi yangu ni kulisha watu. Napika kwenye nyumba ndogo ya wageni karibu na stesheni ya Tabora, na abiria wanaoshuka pale na vumbi hadi kwenye kope, mimi ndiye ninayewarudishia uhai kwa chai na maandazi kabla hawajatafuta bajaji. Nasema hivi mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyefanya nitakayoyasimulia. Ni mpishi, tena mpishi wa kujisifu. Mtu akiacha chakula changu kwenye sahani, huwa namfuata hadi mezani kumuuliza kulikoni.

Mvua zilipokuwa zinakatika mwaka jana, mimba ya mke wangu iliharibika. Ilikuwa imeshaanza kucheza tumboni. Ndoa yetu ilikuwa imefika umri ule ambao watu wanaacha kuuliza kwa utani na kuanza kuuliza kwa sauti ya chini, na mimba hiyo ndiyo ya kwanza iliyotufikisha mbali kiasi cha kuanza kubishana majina. Alilazwa hospitali ya Kitete siku chache, akaruhusiwa, akarudi nyumbani akalala ameutazama ukuta. Hakulia sana. Alichokataa ni kula.

Nikapika kila ninachokijua. Uji wa ulezi wenye maziwa, supu ya kuku wa kienyeji, wali wa nazi, ndizi za nyama. Alikuwa anaonja kijiko kimoja kwa kunionea huruma, kisha ananirudishia bakuli. Mashavu yalianza kubonyea. Mimi ambaye nimewahi kumfanya mwanajeshi mstaafu mwenye vidonda vya tumbo amalize sahani mbili za pilau, nikashindwa kumlisha mke wangu mwenyewe ndani ya nyumba yangu.

Jumapili mama yake akaja kwa treni kutoka Bukene, na furushi lake la kanga. Nilifurahi, na hapo hapo nikaingiwa na wasiwasi, maana kwa watu wa kwao mkwe ni jambo la kuonewa haya. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na hawali wakaonana. Njia ikiwakutanisha, mmoja anaiacha. Katika miaka yote ya ndoa nilikuwa namjua mama huyu kwa mgongo, kwa kanga, na kwa sauti.

Kwa hiyo tukapanga nyumba upya. Mama mkwe haingii chumbani kwa mkwe wake, basi mke wangu tukamhamishia chumba kidogo cha uani, chenye mlango wake, ili mama alale naye na kumwangalia. Mimi kabla ya kuvuka ua nilikuwa nakohoa. Mama akisikia kikohozi, anatoka na kuzunguka nyuma ya jiko, kwenye kivuli, mpaka nimalize shughuli yangu na kuondoka. Asubuhi nilisimama upande wangu wa ukuta nikasema, "Shikamoo mama," naye upande wake akaitika, "Marahaba baba, mmeamkaje?" Tukaishi hivyo, na nikajiona mkwe mwenye adabu zake. Nilikohoa kwa bidii, nadhani hakuna mkwe Tabora nzima aliyekohoa kama mimi.

Chakula nilikuwa napika asubuhi kabla ya kwenda kazini na tena nikirudi. Nikipakua cha mgonjwa, kinachobaki nakiacha kwenye sufuria jikoni, nafunika, halafu nasema kwa sauti ya kuvuka ukuta, "Mama, chakula kipo jikoni, karibu." Naye anajibu, "Asante, baba." Nilikuwa narudi nakuta sufuria kama nilivyoiacha, au nikadhani imepungua kidogo. Nikasema moyoni, wazee matumbo yao madogo. Kilichobaki nikakila mimi usiku. Kazini nikawatania wenzangu kwamba nimepata mgeni asiye na gharama, mama mkwe anayeshiba kwa harufu. Walicheka, nami nikacheka.

Alhamisi nikaomba ruhusa, nikaamua kupika viazi vya masista. Hilo ni jina nililokipa chakula hicho mwenyewe. Kazi ya upishi nilianza nikiwa kijana kwenye jiko la watawa, na sista mmoja mzee wa Kizungu, mkali wa chumvi, alinifundisha kuoka viazi mviringo na paja la nguruwe lililolazwa kwenye maji ya chumvi na kukaushwa kwa moshi. Yeye alikiita kwa lugha yao jina refu ambalo ulimi wangu ulilikataa. Tulipokuwa wapya kwenye ndoa, mke wangu aliugua malaria, kila kitu kikawa kichungu mdomoni mwake, na hicho ndicho chakula pekee alichokila. Alikila akiwa amejifunika shuka hadi kichwani, mkono tu ukitoka nje kufuata kijiko. Ndiyo maana Alhamisi ile nilikiwekea matumaini yangu yote. Kama na hiki angekikataa, sikujua ningemwambia nini daktari.

Nyama niliipata kwa mzee mmoja wa kanisa la Moravian anayefuga nguruwe na kuikausha nyama kwa moshi mwenyewe. Nikamenya viazi, nikavikata vyembamba, nikavichemsha kidogo tu vilegee bila kuvunjika. Kitunguu nikakilainisha kwenye siagi, nikatia unga wa ngano kijiko, maziwa nikayamimina polepole huku nakoroga yasifanye mabonge, nikaongeza na kungumanga ya kukwaruza. Halafu unapanga: viazi, nyama, rojo, viazi, nyama, rojo, juu kabisa jibini na makombo ya mkate mkavu. Oveni sina nyumbani. Nilitia makaa machache chini ya sufuria, na mengi nikayapalia juu ya mfuniko, nikakaa kwenye kigoda kuyachunga.

Mama alikuwa nyuma ya jiko, mahali pake. Ukuta wa jiko letu ni wa tofali moja, kila kitu kinasikika. Nilimsikia akichota maji mtungini, akinywa, akichota tena. Nikasema moyoni, joto la leo limezidi. Harufu ya siagi na nyama ya moshi ilipoanza kutoka, akauliza, "Baba, unapika nini kinachonukia hivyo?"

"Viazi, mama. Na nyama ya nguruwe."

"Mh. Vinanukia vizuri."

"Subiri viive, mama. Watu wanavisifu sana hivi," nikasema, na nikaanza kumweleza habari za yule sista. Nilimweleza mwanzo mpaka mwisho. Mama aliitikia kila sentensi kwa adabu, "Ehe, baba. Ndiyo, baba," nami nikaendelea kuongea, nimevimba kichwa kwa sababu mkwe wangu ameusifu mkono wangu.

Vilipoiva, juu pamekuwa rangi ya dhahabu na pembeni rojo linatokota, nikampakulia mke wangu sahani. Nikasema kama kawaida, "Mama, chakula kipo jikoni, karibu," nikakohoa, nikavuka ua.

Mke wangu aliinusa sahani kabla sijaiweka. Akajigeuza. Akaegemea mto, akachukua kijiko mwenyewe, akala. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nimeshika magoti kama mtu aliye kwenye baraza la kesi. Alikula tonge la pili, la tatu, akakwangua jibini lililoganda pembeni mwa sahani. Machozi yalinilenga na sikuona aibu nayo. Alipofika nusu akapumzika, akauliza, "Mama amekula?"

"Chake kipo jikoni. Nimemkaribisha."

"Nani kampakulia?"

Nikasema, "Si anajipakulia tu?"

Akaweka kijiko. "Nakuuliza vizuri. Toka Jumapili, nani amekuwa akimpakulia mama?"

"Nimekuwa nikimwachia kwenye sufuria," nikasema. "Nikimwambia kila siku, karibu mama."

Akaniangalia. Tangu atoke hospitali hakuwa ameniangalia hivyo, macho yote mawili. "Mama hawezi kufunua sufuria ya mkwe wake akajipakulia," akasema. "Chakula ulichopika wewe, kwenye nyumba yako, hakuna mtoto, hakuna shangazi wa kumpelekea sahani. Unajua hivyo. Ulipokuja kuoa kwetu si ulifundishwa?"

Nilifundishwa. Hapo ndipo pananiuma hadi leo, kwamba nilijua. Bibi yake, marehemu sasa, alinikalisha chini akanieleza yote: mkwe anapelekewa chakula na mtu wa damu yake, kimefunikwa, mahali asipoonekana, na ni kazi ya mwenye nyumba kuhakikisha yupo wa kupeleka. Siku zote mpelekaji alikuwa mke wangu, kwa hiyo mimi jambo hilo lilikuwa linapita tu mbele yangu bila kunihusu. Alipolala kitandani, nikashika nusu ya desturi, ile nusu rahisi ya kukohoa na kugeuza uso. Nusu iliyokuwa na kazi ndani yake niliiacha, na wala sikuona kwamba nimeiacha.

"Aliniambia anakula," mke wangu akasema. "Kila nikimuuliza anasema ameshiba, baba anapika vizuri." Kisha akaelekeza kidole chini ya kitanda. "Hebu vuta hilo furushi."

Nikalivuta. Ndani ya kanga kulikuwa na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ambavyo mama alimletea binti yake ili vichemshwe na karanga akipata nafuu. Furushi lilikuwa limepungua zaidi ya nusu. Michembe mikavu ni migumu, kijana mwenye meno yote anaitafuna kwa taabu. Mama wa watu alikuwa akikaa nyuma ya jiko langu, anaimung'unya mpaka ilainike, anaishushia na maji ya mtungi, na mimi upande wa pili wa ukuta namsimulia namna masista walivyokuwa wakikisifu chakula changu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakumbuka vile vyakula nilivyokuwa nakula usiku peke yangu, nikilamba vidole, na kicheko cha wenzangu kazini. Nikasimama nikasema, "Naenda kumwomba radhi."

"Utamwombaje?" mke wangu akasema. "Utasimama mbele yake umwambie nimegundua una njaa? Unataka kumuua kwa aibu?"

Alikuwa sahihi. Nikakaa tena. Sikuwa na la kufanya na mikono yangu. Ningeweza kumpikia mama yule ng'ombe mzima, lakini kumpelekea sahani moja nisingeweza.

Mke wangu akafunua shuka. Akashusha miguu, akakaa kidogo kichwa kimeinama, kisha akasimama. Nilinyoosha mkono kumshika akausukuma. "Kaa humu," akasema. "Usitoke, usichungulie, wala usikohoe." Akajifunga kanga akatoka, kiganja kikiushika ukuta. Hakuwa amevuka ua ule kwa miguu yake tangu alipotoka hospitali isipokuwa kwenda chooni akiwa ameshikwa na mama yake.

Nikabaki nimekaa, nimeutazama ukuta ule ule aliokuwa anautazama yeye. Nikasikia mfuniko ukiinuliwa na majivu yakipulizwa. Nikasikia akisema, taratibu, kwa lugha yao, neno moja ninalolijua vizuri, "Mayu," yaani mama, halafu sahani ikiwekwa chini. Kilichofuata ni kijiko.

Mtu anayepika kwa kazi anajua sauti za kula. Anayeonja ana sauti yake, na anayekula kwa kujilazimisha, na aliyeshiba anayechezea chakula. Hii haikuwa mojawapo ya hizo. Kijiko kilikwenda haraka, kikasita kana kwamba mwenyewe amejigundua akaona haya, kikajizuia kwa tonge moja au mawili, kikakimbia tena. Mke wangu alikuwa akizungumza wakati wote, sauti ya juu kidogo, habari za majirani na bei ya vitu, na nikaelewa kwamba anafanya hivyo ili kukifunika kijiko nisikisikie. Nilikisikia. Nilijiziba masikio kwa viganja nikaona nafanya kituko, nikashusha mikono.

Baada ya muda akarudi, jasho limemtoka, sahani mkononi. Ilikuwa imefutwa hadi maua yake ya chini yanaonekana. Hakukaa. Alisimama mlangoni akishika fremu, akasema kwa sauti ya chini sana, akiangalia pembeni, "Anauliza kama kimebaki kidogo."

Nilimwambia akae, apumzike. Hakukubali, akaenda kumwambia mama azunguke aingie nyumba kubwa kwa mlango wa mbele, ili ua uwe wangu. Nikatoka hadi jikoni, nikakwangua sufuria yote, na ule ukoko wa pembeni ambao huwa najiwekea mwenyewe, nikarundika kwenye sahani mpaka ikajaa. Katika kazi yangu hakuna neno ninalolipenda kuliko la mtu kuomba nyongeza. Nikafunika sahani kwa sahani nyingine, nikamkabidhi mke wangu ampelekee, nikarudi jikoni nikakaa kwenye kigoda nikiwa nimeinamisha uso, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona.