Gari Lenye Cheti cha Kiwanda

Baba yangu hakutaka gari. Alitaka kumwona dada yake. Shangazi anaishi Gety, ndiye aliyemlea baba baada ya mama yao kufariki, na siku hizi miguu yake haimfikishi hata kanisani. Baba anaishi kwangu Bunia, nyonga yake ni mbovu, na daktari alimpiga marufuku kupanda pikipiki, ambazo ndizo usafiri wa huko. Basi aliuza ng'ombe wake wanne wa mwisho, akaniagiza mimi, mwalimu wa Kifaransa nisiyejua lolote la magari zaidi ya kuyaendesha, nimtafutie gari la kumfikisha kwa dada yake.

Nikajiona mjanja. Sikwenda kwa madalali wa kando ya barabara. Nilikwenda kwenye lile duka la vioo ambako magari yaliyotumika yanauzwa pamoja na cheti cha kiwanda chenyewe. Cheti kilikuwa na kurasa kadhaa, na kila mstari ulitiwa alama: breki nzuri, taa nzuri, gia nzuri. Muuzaji mwenye tai alimwambia baba, "Muzee, hii gari kiwanda yenyewe ndiyo iliipima. Weye ulale tu." Tukalala, wajinga sisi.

Jumamosi iliyofuata tuliondoka kwenda Gety na hatukufika hata Bogoro. Kwenye kilima cha kwanza chenye maana, gia ya pili iliingia, ikatoka yenyewe, ikakataa kurudi. Gari likaanza kuteremka kinyumenyume, baba ndani, amekumbatia sukari na sabuni za dada yake. Wapita njia walitukingia mawe nyuma ya magurudumu. Tulirudi Bunia kwa gia ya kwanza, tukipitwa na baiskeli zenye mizigo ya makaa.

Jumatatu nilikuwa dukani mapema. Dada wa mapokezi hakuuliza gari lina nini. "Mama, réclamation inaandikwaka mu français, copies mbili, halafu tunapiga cachet." Niliandika barua ya malalamiko ambayo ningempa mwanafunzi wangu alama zote. Waliigonga muhuri mpaka meza ikatikisika. Muhuri wao ulikuwa na nguvu kuliko gari lao.

Baada ya wiki mbili fundi wao alilipima. Alilizungusha kwenye uwanja wao wa sementi, tambarare kama meza, mara tatu, akashuka akitabasamu.

"Vitesse ya pili iko bien."

"Na mulima iko wapi hapa?" nilimuuliza.

"Mama, siye tunapimiaka hapa tu. Ni procédure."

Kwa maneno mengine, baba angeweza kumtembelea ndugu yeyote, mradi ndugu huyo awe anaishi ndani ya uwanja ule. Niliandika barua ya pili, halafu ya tatu. Kila mara jibu lilikuwa kwamba dosye, yaani faili letu, iko Kinshasa. Sijawahi kuona karatasi zinazosafiri zaidi kuliko gari tulilonunua ili tusafiri.

Hapo baba akachoka na Kifaransa changu. Kwa wafugaji aliokulia nao, ng'ombe akiwa na kasoro iliyofichwa, humwandikii mtu barua. Unamrudisha asubuhi kwenye zizi la aliyekuuzia, unamwacha hapo, unaondoka bila neno. Muuzaji akimnywesha maji, amekiri kosa. Atakuja mwenyewe kwako, aseme mbele ya watu, na kukuletea mwingine.

Basi asubuhi moja baba aliniamuru nipeleke gari mpaka ndani ya uwanja wao. Aliacha ufunguo juu ya usukani, akashuka, akatoka akichechemea. Tukasimama ng'ambo ya barabara. Haikupita muda, mlinzi akaja na mpira wa maji, akaanza kuliosha.

"Unaona?" baba alisema. "Baliinywesha. Maneno imeisha."

Mlinzi yule anaosha magari yote ya uwanja kila asubuhi, kwa sababu ya vumbi. Nililijua hilo na sikumwambia, na mpaka leo najilaumu. Baba alikaa nyumbani siku mbili, amevaa shati safi, akimngoja mkubwa wa duka aje.

Siku ya tatu nilikwenda mimi. Ndipo nilipomwona mkubwa huyo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sasa kosa lilikuwa letu. "Muzee aliacha gari bila papier," alisema. "Ile réclamation ya zamani imekufa. Muanze ingine." Niliomba ufunguo. Hapana, gari halitoki mpaka mtaalamu wa Kinshasa alione.

Nilipomweleza baba, aliuliza jambo moja tu: "Alikuya kuiangalia ile gari?"

"Hapana, Papa."

"Hata mwizi anaangaliaka ngombe kwanza."

Wiki hiyo shangazi alituma salamu kupitia mama mmoja, muumini mwenzake, aliyekuwa akija soko la Bunia: baba asihangaike na gari, wataonana mbinguni. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru yule mama. Kesho yake alijifunga nyonga kwa kitenge changu na kumwita mtu wa pikipiki. Niligombana naye mpaka nikalia. Alipanda.

Alifika. Jirani wa shangazi aliniambia kwa simu kwamba walimshusha kwenye pikipiki wanaume wawili, na tangu hapo hajasimama. Analala chumba kinachopakana na cha dada yake, na wanazungumza kupitia ukuta, wakicheka. Nilifurahi, na papo hapo nilitamani kwenda kuvunja vioo vya duka lile. Pikipiki haiwezi tena kumrudisha, na gari lingine sina.

Juzi simu ililia nikiwa darasani. Alikuwa dada wa mapokezi, mwenye furaha. Mtaalamu amefika, dosye iko tayari, imebaki saini tu.

"Nitakuya saa nane," nilisema.

"Hapana, mama, si weye. Gari iko kwa jina ya muzee. Akuye yeye mwenyewe."

"Akuye na nini?"

Akaniomba nisubiri kidogo, akamwulize mkubwa.