Mtunzi Hajulikani

Ofisini walimwita Beti kwa ajili ya mashairi yake, naye hakuona ubaya. Miaka thelathini na moja alikaa masjala, chumba cha chini chenye dirisha moja, akipokea majalada, akiyagonga muhuri na kuyapanga rafuni. Humo ndimo alimoandika shairi lake la nchi, nyuma ya fomu za likizo, angali kijana wa suruali mbili. Likaingia vitabuni, watoto wakalijua kwa ghibu. Marehemu mkewe alikuwa akimtania: "Mke mkubwa ni nchi, mimi nyumba ndogo tu."

Siku moja likapita mikononi mwake jalada la zahanati zilizokwisha kujengwa. Mojawapo ilikuwa mtaani kwa dada yake. Dada huyo alifia juu ya mkokoteni akikimbizwa mjini, maana pale mtaani palikuwa na kiwanja kitupu na kibao cha zahanati, na hadi leo ni hivyohivyo.

Akatunga beti sita, akazipeleka gazetini kwa jina lake kamili.

Mkurugenzi akamwita. "Mzee wangu, umetuvua nguo."

"Nimeandika nilichokiona, mheshimiwa. Nchi ni ileile ninayoipenda."

"Basi kaipende nyumbani kwako."

Akastaafishwa wiki hiyohiyo. Wenzake aliowatungia mashairi ya harusi wakawa wakimwona barabarani wanavuka upande wa pili.

Mwaka uliofuata binti yake, mwalimu, alirudi kutoka kazini akamwekea kitabu kipya mezani. Shairi la nchi lilikuwamo, hata mkato haukupungua. Chini yake: *Mtunzi hajulikani*.

"Nimewaambia wanafunzi ni baba yangu. Wakacheka. Sasa mwalimu mkuu anataka barua ya maelezo."

Beti aliomba kalamu. Barua za namna hiyo alizijua nje ndani. *Nakiri kwamba niliteleza kwa kutoa maelezo yasiyo na uthibitisho…*

"Baba, hii siisaini!"

"Una watoto, mwanangu. Saini."

Akasaini huku akilia, akatoka bila kuaga.

Beti alijaribu kulisema shairi lile peke yake. Alifika ubeti wa pili akanyamaza. Hakuwa amesahau, mdomo tu ulikataa.

Aliishi miaka sita mingine. Hata orodha ya vitu vya dukani alimwachia bintiye aiandike.