Mng'ong'o Dume wa Mnero

Kwetu, mwanaume akioa huhamia kwa mkewe, na shamba analolima ni la mama mkwe. Nilitoka Mbekenyera kwenda kuoa Naipingo nikiwa na panga moja na kiburi cha kutosha. Mkwe asiyeonyesha kazi hadumu, nami nilijua kazi moja tu, kubebesha miche ya mikorosho, yaani kupachika kikonyo, kijitawi cha mti bora, juu ya mche.

Basi mtengeneza juisi mmoja wa Nachingwea mjini akatangaza kwamba anatafuta shamba la ng'ong'o kubwa, tamu, za aina moja. Nikajiambia mng'ong'o ni binamu wa mkorosho, hautanishinda. Msimu mzima nilizunguka vijiji vya Nachingwea na Ruangwa nikionja, daftari mkononi: utamu, uchachu, ukubwa wa kokwa. Kuhara sikuandika, ingawa kulistahili ukurasa wake. Mwisho wa yote ukashinda mti wa mama mkwe mwenyewe, ule wa nyuma ya choo. Hakuna aliyeamini kwamba sikupendelea.

Mama mkwe akanipa shamba lake la ufuta, lililo kando ya nyumba. Katikati yake palikuwa na mng'ong'o mkubwa ambao hakuna aliyewahi kuuona na tunda. Mvivu huyu, nikasema, nikaukata na kisiki nikakichoma. Shina nikalichonga kinu, nikampa mama mkwe, naye akanisifu kwa majirani mpaka nikaona haya. Kisha nikabebesha miche arobaini kwa vikonyo vya ule mti wa chooni.

Mwaka wa nne yote ikachanua. Nilipita katikati yake mikono nyuma kama mwenyekiti wa kijiji. Maua yakapukutika, tunda hakuna hata moja. Mwaka wa tano hivyo hivyo. Hata mti wa chooni ulikuwa umeacha kuzaa, na lawama nikabeba mimi na kisu changu.

"Nkwe," akaniambia mama mkwe maua ya mwaka wa sita yalipoanza, "nti usiozaa unafanywaje, wewe mwenyewe ulinionyesha. Msimu huu ukipita hivihivi napanda ufuta wangu, na wewe unarudi kwenu."

Mke wangu aliinamisha kichwa, hakunitetea. Niliogopa kweli.

Nikamwita bibi shamba wa kata. Akachungulia ua la kwanza, la pili, akazunguka shamba zima.

"Yote hii ni mijike," akasema. "Dume liko wapi?"

Mama mkwe alinyoosha mchi, akaonyesha kinu.

Ming'ong'o mingine ya jirani ilishafyekwa kupisha mikorosho. Tukasikia Mnero kuna dume. Mimi nilitaka kwenda kukata matawi nirudi, lakini mama mkwe akakataa katakata. "Mume haibiwi. Anaposwa." Akanituma pamoja na kaka yake, mjomba wa mke wangu, maana kwetu mjomba ndiye msemaji.

Kule Mnero wenyeji walitukalisha mkekani asubuhi nzima. Waliuliza maharusi ni wangapi. Mjomba akajibu arobaini, nao wakaguna. Wakauliza kama kijana wao atatunzwa huko ukweni. Mjomba akaapa, kisha akanigeukia mimi nitoe ushahidi, kwa kuwa nilikuwa kijana wa ukweni niliyepo. Nikasema chakula kinatosha. Swali la kama ninapendwa halikuulizwa, nikashukuru.

Tulirudi kwa bodaboda mbili, mjomba ya mbele, mimi ya nyuma, bwana harusi kati yangu na dereva, matawi yenye maua ndani ya ndoo ya maji, yamefunikwa kanga mbichi. Nyuki walitusindikiza mpaka barabara kuu, na dereva akauliza kama nao ni abiria.

Shambani nikakuta mama mkwe amezungushia kanga mti wa kwanza. Wanaume wakaamriwa wageuke. Mimi nikaingia nyuma ya pazia na unyoya wa kuku, nikiuchovya kwenye ua la dume na kuupitisha kwenye ua la jike, moja baada ya jingine, huku wanawake wakipiga vigelegele kila nikishuka ngazi. Siku tatu. Mti mmoja wa katikati nikaukata kichwa, nikaubebesha vikonyo vya dume, ili tusirudi kuposa kila mwaka.

Januari ng'ong'o zikaanza kudondoka. Nilikaa chini palepale nikalia, na sikumficha mtu.

Misimu mitatu baadaye mtengeneza juisi alikuja mwenyewe. Alisifia kila mti, mpaka akafika kwenye ule wa katikati, umejaa majani, hauna kitu.

"Huu mbona mtupu? Unakula nafasi bure. Ukateni."

Shamba si langu, nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akaacha kutwanga.

"Huo haukatwi," akasema. "Huyo ni nkwe."

Akaendelea kutwanga.