Mawe ya Mvua ya Melania

Melania Dismasi wa Kidahwe alizaliwa kwenye maharage, akaolewa kwenye maharage, na alijua atazikwa papo hapo. Ndipo akaja mtafiti mmoja aliyesomea theluji na misitu ya milimani huko ughaibuni, akitaka kujua miti ya kwetu inafanya nini mvua ya mawe inapopiga mlima. Theluji hakuipata, akampata Melania. Alimwachia mizani na mabeseni kumi: matano yawekwe chini ya miti, matano mahali pa wazi. Mawe yakianguka, ayapime kabla hayajayeyuka.

Kijiji kilicheka mwezi mzima. Mtu mzima anapima barafu! Melania hakujali. Shamba lake lilikuwa chini kabisa ya mteremko ule, na Jumamosi mkutano ungeamua kama miti ikatwe, ichomwe mkaa. Ikikatwa, mawe na maji vyote vingeshukia maharage yake. Alitaka kwenda na namba mkononi.

Alhamisi mchana mawe yakaja kama yaliyotumwa. Yalipokoma, alipanda mlima mbio, mizani kichwani. Mabeseni ya chini ya miti yalikuwa na vijiwe vya kuhesabika. Ya wazi yalikuwa matupu. Hatua chache pembeni, Mzee Leonardi, mchoma mkaa, alikuwa amekaa juu ya gogo, ndoo ya pombe ya ndizi katikati ya magoti, imepoa vizuri kwa barafu ya utafiti.

Melania alimwamkia, maana adabu ni adabu, akapima vijiwe vya chini ya miti, akashuka. Yaliyokuwa mdomoni hayakumfaa mzee.

Mkutanoni, mwenyekiti Castory alimwambia asome. Akasoma ya chini ya miti, akakunja karatasi yake.

"Na ya wazi?"

"Muulize Mzee Leonardi."

Watu wakaangua kicheko. Mzee akasimama bila haya. "Niliyakuta yamejaa hadi ukingoni, mwenyekiti. Nikajaza ndoo."

"Mbona ya chini ya miti hukuchukua?" mwenyekiti akauliza.

"Kulikuwa na nini kule? Miti ilishayapokea yote juu. Ulitaka nipande nikalambe majani?"

Kicheko kikafifia. Wenye maharage bondeni, na walikuwa wengi, wakatazamana. Mzee naye akasikia alichosema, akaketi. Mikono ilipohesabiwa, miti ikabaki.

Nyumbani Melania alijaza daftari la mtafiti kwa mwandiko wake wa darasa la saba. Chini ya miti: gramu mia na arobaini. Mahali pa wazi: ndoo moja, imenywewa.