Nafasi ya Mtu Mmoja

Shemeji yangu watu wanamwita Bwana Sogea, na hawamwiti kwa ubaya. Ndilo neno lake. Ukiingia studio kwake kupiga picha, hujakaa vizuri ameshaanza: sogea kushoto, sogea nyuma, kidevu juu, sogea tena, umepita, rudi. Mimi ndiye niliyekuwa nawapaka wateja poda pale, kwa hiyo nilimsikia mpaka masikio yakaota sugu. Siku moja fundi cherehani mmoja mwenye mdomo wake alimwambia, "Bwana, nikisogea zaidi ya hapa nitatokea kwa jirani." Tulicheka mpaka kopo la poda likanitoka mkononi.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa nyuso za watu, ilikuwa mapazia. Ukutani mle studio palining'inia mapazia makubwa yenye picha za mbali: bonde lenye ukungu, barabara ya vumbi isiyo na gari wala mtu, machimbo ya mawe yaliyoachwa, kituo cha reli ambacho treni ilishaacha kupita. Mteja anachagua anakotaka kwenda, anasimama mbele ya pazia lake, anapigwa, na wiki ijayo ndugu zake wanamwona yuko juu ya mlima ambao hajawahi hata kuusikia. Studio nyingine zilikuwa na mapazia ya kuchora, maua na ngazi za kitajiri. Shemeji alizifuata picha zake mwenyewe hukohuko kwenye upweke, na kamera yake ya sanduku yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika, halafu mtu wa mabango anamkuzia kwenye kitambaa.

Sasa, kupiga mahali patupu kwa ajili ya pazia kuna namna yake. Katikati lazima uache nafasi ya mtu mmoja, tena ya kimo sawasawa, la sivyo mteja ataonekana jitu linalotaka kukanyaga mlima, au mdoli uliosahaulika porini. Na lazima upige jua likiwa utosini, ili pale chini pasiwe na kivuli chochote, maana kivuli cha porini na taa za studio havipatani. Kwa hiyo unahitaji mtu wa kusimama kwenye ile nafasi akupe kipimo. Ukishapanga kila kitu, unamwambia asogee, anatoka, ndipo unapiga pakiwa patupu.

Mtu huyo alikuwa dada yangu, mke wake.

Tangu waoane dada alisimama kila mahali. Amesimama kwenye yale machimbo, amesimama katikati ya reli yenye kutu, amesimama kwenye nyika ambako hata ndege hawaendi. Alikuwa na ufagio wake mfupi wa vijiti. Akisikia "Sogea, bibie," anainama, anatoka huku anafagia nyayo zake nyuma yake, taratibu, mpaka ametoka kabisa nje ya picha na ardhi imebaki kana kwamba hajapita mtu. Aliifanya kazi hiyo vizuri mno, jamani. Ukiyatazama yale mapazia yote, huwezi kuamini kwamba katika kila moja dada yangu alikuwa amesimama hapo punde tu.

Nilimwambia mara nyingi, "Shemeji, mpige na yeye basi hata moja." Naye anajibu, "Filamu ni ya kazi. Huyu namwona kila siku, picha yake ya nini?" Dada anacheka ule mcheko wake wa kuficha mwanya kwa kiganja. Picha ya harusi yao nayo ilikuwa kichekesho kingine. Bwana harusi alimkabidhi kamera rafiki yake, rafiki akawapanga watu kwa mbwembwe zote, na akasahau kutoa kifuniko. Zikatoka nyeusi tii. Hata kitambulisho chake dada alikifua pamoja na gauni, uso ukabaki doa. Tukacheka hapo pia. Tulikuwa tunacheka tu, hatujui.

Homa ilimshika ghafla, na kabla wiki haijaisha tulikuwa tumemzika. Mtoto wao wa pekee, binti, alikuwa ndiyo kwanza maneno yake yanaeleweka. Tulipotafuta picha ya marehemu, nyumba ya mpiga picha, makabati yamejaa picha za watu mji mzima, haikupatikana hata moja. Nilipekua mpaka nikakaa chini nikalia kwa hasira. Nilimchukia shemeji siku hiyo, sitaficha.

Mtoto akakua, akaanza shule. Siku moja tunakula, akauliza kama watoto wanavyouliza, bila onyo, "Baba, mama alikuwa anafananaje?"

Shemeji akaweka kijiko. Akanyanyuka, akanyoosha mkono ukutani. "Alikuwa anafika hapa," akasema.

"Na uso?"

Akabaki na mkono wake pale ukutani. Nikaona aibu kwa niaba yake, nikadakia mimi: alikuwa na mwanya, kidevu cha mviringo, macho yanayocheka kabla ya mdomo. Mtoto akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama anayesikiliza habari za mtu wa mtaa wa pili. "Mlifanana, mama mdogo?" Nikamwambia ukweli: kimo tu. Tukisimama mgongo kwa mgongo tulikuwa sawasawa, lakini sura yeye aliichukua kwa baba, mimi kwa mama.

Baadaye shemeji alinifuata jikoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sura yake imenitoka," akaniambia. "Nikifumba macho namwona amesimama mbali, mdogo kama kidole, kichwa chini." Maana kwenye kioo cha kamera ile ndivyo mtu anavyoonekana, kwa ugizagiza, miguu juu kichwa chini. "Mtoto ananiuliza, na mimi sina cha kumpa. Nitamwambia nini?"

Nilikuwa na maneno makali tayari kinywani. Nikayameza, maana alikuwa analia kweli.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye jambo ambalo tulikuwa tumeliona sote wawili na kila mmoja amelikalia kimya. Baada ya msiba shemeji aliendelea kwenda porini peke yake. Kwa kipimo alichomeka fimbo, akishapanga anaing'oa. Lakini pazia la kwanza lililotoka kwa mtu wa mabango lilikuja na lawama. "Fundi, umelala?" yule bwana alisema. "Umeniletea kivuli cha mtu, na mtu mwenyewe hayupo." Kweli, pale kwenye nafasi, juu ya ardhi ya mchana wa jua la utosini, kililala kivuli kirefu cha mwanamke kama cha jioni. Fimbo haina mabega. Shemeji akasema ni filamu mbovu. Akapiga kwingine, filamu mpya kabisa. Kikaja tena.

Pazia lile la kwanza tulilitundika hivyohivyo, na hapo ndipo palipoanza mambo. Mteja yeyote aliyesimama mbele ya pazia lile alikaa upande. Shemeji anamwambia, "Sogea katikati," mteja anajibu, "Nipo katikati," kumbe amejibana pembeni kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Mama mmoja alikuja na kichanga. Kichanga hakikutazama kamera hata kidogo, kilitazama ubavuni pa mama yake, juu, pale ambapo uso wa mtu mzima ungekuwa, kikacheka. Mimi poda ilinikaukia mkononi. Nikajifanya sijaona, kwa sababu ningefanya nini?

Basi usiku ule wa jikoni ulipopita, asubuhi shemeji akaniambia, "Kama kivuli kipo, mwenyewe yupo. Nakwenda kumpiga picha mke wangu."

"Shemeji, umechanganyikiwa."

"Inawezekana. Lakini sitaki fimbo safari hii. Nataka tufanye kama zamani, asimame mtu. Kimo chako ndicho chake."

Loo! Nilikataa. Nilikataa asubuhi na nikakataa mchana. Halafu mtoto akarudi kutoka shule na mchoro: walikuwa wameambiwa wachore familia. Baba kachorwa na kamera yake, mimi na kopo la poda, na katikati yetu gauni zuri la rangi limesimama lenyewe, juu ya kola hakuna kitu. Alisema alikuwa anasubiri kukumbuka. Nikamwambia shemeji twende.

Tulimwacha mtoto kwa jirani, tukapanda pikapu kuukuu ya shemeji, tukaenda mpaka lami ikaisha, nyumba zikaisha, miti nayo ikachoka kutufuata. Mahali penyewe palikuwa ziwa lililokauka. Chini kote ni chumvi, nyeupe, laini kama unga, na nyayo za mtu zinaingia wazi kabisa. Hakukuwa na upepo. Nilikohoa, na sauti haikwenda popote, ikaangukia palepale miguuni kwangu. Dada alikuwa amesimama hapa mara nyingi. Shemeji alipapenda kuliko kwingine kote.

Jua lilipofika utosini akasimika kamera, akaingia chini ya kitambaa cheusi. Mimi nikatembea peke yangu kwenye weupe ule. Nikawa namsikia kwa nyuma: "Sogea, shemeji. Kulia. Nyuma kidogo. Hapo." Nikasimama. Nilitazama chini na sikuwa na kivuli, kama inavyotakiwa saa ile. Kando ya mguu wangu wa kushoto ndipo kilipokuwa kile cha kwenye mapazia. Kimelala kirefu, mabega yale, kichwa kimefungwa kitambaa kama alivyopenda kufunga. Damu ilinisimama. Na katikati ya hofu ile ile, jamani, nikasikia harufu ya sabuni yake, nikataka kulia na kusema, dada, umekaa huku peke yako siku zote hizi?

"Haya, shemeji, sogea," ikaja sauti.

Sikungoja nirudiwe. Nilitoka mbio, nikachora nyayo zangu kwenye chumvi bila kujali, maana ufagio tulikuwa tumeuacha nyumbani nyuma ya mlango wa studio. Nikafika nyuma ya kamera, nikashika ukingo wa pikapu, nahema.

Shemeji bado alikuwa chini ya kitambaa. "Sogea basi, bibie," akasema, kwa ile sauti yake ya kuharakishwa na jua. "Unaniziba."

Bibie. Neno hilo hakuwahi kulisema tangu tumzike.

"Shemeji," nikamwambia, "niko nyuma yako." Nikamgusa mgongo ajue.

Mgongo ukawa mgumu kama ubao. Mimi nilitazama kule mbele na sikuona kitu ila chumvi. Yeye mle gizani alikuwa anaona kitu. "Hapana," akasema. "Hapana, hapana, usisogee! Kaa hapohapo, bibie, usisogee!" Lakini kamera ile haitaki haraka. Kabla ya kupiga lazima uingize filamu mbele ya kioo, na ukishaiingiza huoni tena. Akaipapasa filamu, ikamponyoka, akaiokota, akaiingiza, akavuta kibao kinachoifunika, akabofya.

Kisha akatupa kitambaa akakimbilia kwenye chumvi, mtu mzima yule, anaita, "Rudi! Nimekosea, rudi!" Nilimfuata. Kivuli hakikuwepo. Na nyayo zangu, zile nilizoingia nazo na zile nilizotoka nazo mbio, nazo hazikuwepo. Chumvi ilikuwa imefagiwa. Mistari midogomidogo ya vijiti ilitoka pale katikati ikaenda mpaka pembeni, mbali, ikaishia.

Tulipofika, shemeji aliingia moja kwa moja chumba cha giza kusafisha picha, mimi nikamchukua mtoto kwa jirani, tukakaa nje ya mlango. Mtoto nilikuwa nimemwambia, sijui kwa nini nilimwambia, kwamba baba anamletea mama. Alikuwa amechana nywele.

Tangu siku hiyo mapazia ya shemeji hayana kivuli. Wateja wanasimama katikati, hakuna anayempisha mtu. Hata lile la zamani, nafasi yake sasa ni nafasi tu, kitambaa na wino. Nilipaka watu poda mbele yake mwezi mzima nikitafuta hata harufu ya sabuni. Hamna.

Picha yenyewe ipo sebuleni, kwenye fremu. Katikati ni weupe mtupu. Pembeni kabisa, karibu na ukingo, yupo mwanamke, ni dada yangu, simkosei, ile mikono, kile kitambaa cha kichwa. Ameinama, na ufagio mfupi mkononi. Uso ameuelekeza chini, hauonekani. Angebaki tu alivyokuwa amesimama.

Shemeji alipotoka nayo, bado mbichi, mtoto aliipokea kwa mikono miwili akaitazama muda mrefu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," baba yake akasema.

"Mbona ameinama? Anafanya nini?"

"Anafuta nyayo zake."

"Kwa nini?"

Shemeji akachuchumaa mpaka wakawa sawa kwa kimo. Nilidhani atamdanganya, na ningemsamehe.

"Nilimwambia asogee," akasema.