Mama Jana na Rasimu ya Wizara

Nina kisa hapa ambacho hamtakiamini, wala sitawalaumu. Hata mimi, mtu niliyekwisha kuona mambo ambayo wenzangu huyasikia redioni tu, niliposimuliwa mara ya kwanza nilisema, toka hapa. Ni kisa cha mwanamke aliyeitii amri ya serikali kabla serikali yenyewe haijaitoa. Mwanamke huyo ni dada yangu, tumbo moja, isipokuwa yeye alimaliza shule na mimi niliacha katikati ili walimu nao wapumzike.

Kazi yake ni umeneja wa makao ya wazee. Ni jengo refu lisilo na ghorofa, lenye korido moja ya saruji nyekundu inayopigwa dawa kila asubuhi mpaka unajiona uso. Ofisi yake iko mwisho wa korido, ukuta mmoja na chumba cha kufulia, hivyo mashine ya nguo ikianza kukamua, meza yake hutetemeka na kalamu hutembea zenyewe. Wageni hushtuka. Yeye huzuia kikombe kwa mkono mmoja na kuendelea kusaini kwa mwingine.

Wafanyakazi walimpa jina la Mama Jana. Ukimuuliza kazi fulani inatakiwa lini, jibu lake ni hilo hilo: "Jana."

Sasa, kila Jumatatu wizara huwatumia mameneja wa hospitali na wa makao kama yake taarifa za sera: sheria gani imebadilika, mwongozo gani umefutwa, jambo gani linapendekezwa na linaombewa maoni. Mameneja wengine huisoma taarifa hiyo huku wakipiga miayo, wakaiweka kando ipoe, kwa sababu wanaijua wizara: ikisema leo, wiki ijayo itasema ilikuwa na maana nyingine. Dada yangu hakuwa na subira hiyo. Aliisoma amesimama, miwani imemshukia puani, na jioni ya siku hiyo hiyo jambo limeshatendeka. Ulipokuja mwongozo kwamba mzee aitwe kwa jina analolichagua mwenyewe, si "babu wewe" na "bibi wewe", alipita kitanda kwa kitanda kuuliza. Mzee mmoja mtundu akachagua kuitwa Mheshimiwa. Mpaka leo walezi wanamwambia, "Mheshimiwa, nyanyua mguu tukuvalishe soksi."

Wakaguzi walimpenda. Kwenye mkutano wa mameneja alisimamishwa mbele na kupigiwa makofi kwa kuwa wa kwanza kila mara. Na hapo, jamani, ndipo palipomponza. Mtu akishapigiwa makofi huanza kuyasikia hata pasipo na watu.

Katika makao yale walikuwepo wazee wawili. Mmoja alikuwa fundi cherehani, mwembamba kama uzi wake, sikio la kushoto limekufa kabisa na la kulia linachagua. Wote walimwita Fundi. Mwingine alikuwa mama aliyefanya kazi ya kuunganisha simu enzi zile ukitaka kuongea na mtu wa mbali lazima upitie kwa binti wa mitambo. Huyo ni Bi Simu. Nyonga zilikuwa zimemkatalia; alikwenda kwa kiti cha magurudumu.

Kila asubuhi baada ya chai, kiti cha Bi Simu kilisukumwa mpaka upande wa kulia wa Fundi, karibu na lango la bustani. Fundi alishona vifungo vya watu wote, na Bi Simu alimsomea gazeti sikioni, kwa sauti ile ya kazini, kila neno limenyooka. Akifika habari isiyomfurahisha, aliibadilisha.

"Hilo si lililoandikwa," Fundi angesema.

"Umejuaje, na wewe kiziwi?"

"Umevuta pumzi kwanza. Ukisema uongo unavuta pumzi."

"Shona kifungo chako, mzee."

Si ndugu, si mume na mke, si lolote lenye jina kwenye makaratasi. Hilo mlishike, maana ndilo lililowamaliza.

Jumatatu moja taarifa ikaja na pendekezo: mzee yeyote anayeweza kutembea mwenyewe, na aliye na ndugu wa kumpokea, arudishwe alelewe nyumbani, nafasi yake apewe mwenye shida zaidi. Juu ya ukurasa iliandikwa wazi kwamba hii ni rasimu, mameneja watoe maoni.

Dada yangu aliliona neno hilo. Msije mkasema hakuliona. Hata muuguzi mkuu wa makao, mwanamke mpole anayeongea kana kwamba daima kuna mgonjwa amelala jirani, alimwonyesha kwa kidole.

"Meneja, hii bado ni rasimu. Wanaomba maoni."

"Nimeona. Nina macho."

"Basi tuandike yetu. Tuwaeleze habari za Fundi na Bi Simu."

Dada yangu akavua miwani. "Wenzetu watatoa maoni. Sisi tutatoa mfano. Sera ikipita, wakija kukagua watukute tumeshamaliza."

"Na isipopita?"

"Umewahi kuona wizara inarudi nyuma?"

Muuguzi mkuu alikuwa ameona mara nyingi. Mashine ya nguo ikaanza kukamua, na kikombe kikazuiwa.

Fundi alikuwa na mpwa, mtoto wa marehemu dada yake, anayefanya kazi ya kutengeneza friji katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Dada yangu akampigia. Yule kijana mwanzoni alibabaika, nyumba ndogo, watoto wadogo. Lakini Mama Jana anajua kuongea, ni damu yetu hiyo. Akamwambia serikali inataka wazee walelewe na damu yao, na kwamba yeye atakuwa mfano kwa wengine. Kijana akavimba kidogo. Mwishowe akasema, "Mjomba ni mzazi wangu. Nitamjengea chumba."

Fundi alipoambiwa, alidhani hajasikia vizuri. Akageuza sikio la kulia.

"Unarudi kwa watu wako, Fundi!" dada yangu akapaza sauti.

"Watu wangu hawa hapa."

"Kwa ndugu zako wa damu!"

Fundi akamtazama Bi Simu, kama anavyofanya siku zote akitaka kujua lililosemwa kweli. Bi Simu akavuta pumzi. "Amesema unakwenda kutembea kidogo," akamwambia.

Siku gari la mpwa lilipokuja, Bi Simu alisukumwa mpaka langoni. Fundi alimfungia kifungo cha juu cha sweta, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari; alikifungua kwanza ndipo akapata cha kufunga. Dada yangu alisimama pembeni ameshika faili. Akamwambia muuguzi mkuu kwamba mambo yamekwenda vizuri sana. Muuguzi mkuu akasema ana mgonjwa wa kumgeuza, akaondoka.

Juma lile lile Bi Simu aliomba aletwe ofisini kupiga simu. Mwanamke aliyeunganisha mawaziri na wakwe zao, wafanyabiashara na wadeni wao, aliyekuwa akisema "ongea sasa" na nchi nzima ikaongea, akakishika kile kipokeo kwa mikono miwili.

"Fundi! Ni mimi!"

"Eh? Nani?"

"Mimi! Wa kulia kwako!"

"Hapana friji hapa, fundi wa friji ametoka," Fundi akajibu, akakata.

Walijaribu tena siku nyingine. Mpwa alimwekea mjomba wake simu sikioni, mke wa mpwa akapaza sauti kuzidi muadhini, lakini sikio lile lilikuwa limezoea mdomo ulio karibu nalo. La simu lilikuwa ni mvumo wa nyuki tu. Baada ya hapo Bi Simu hakuomba tena. Gazeti lilikuja na likafungiwa maandazi. Na vifungo vilianza kudondoka makao mazima, watu wakawa wanafunga mashati kwa pini.

Dada yangu aliyaona yote hayo kupitia mlango wa ofisi. Kila mara alijiambia, sera ni sera, ikipita itaeleweka.

Ikapita. Lakini ilipita bila kile kipengele cha kuwarudisha wazee nyumbani. Taarifa ya Jumatatu hiyo ilisema kwamba, kutokana na maoni ya mameneja, mzee hataondolewa makaoni bila ridhaa yake mwenyewe, na waliojenga ukaribu wa muda mrefu wasitenganishwe, wawe wana undugu wa damu au hawana. Dada yangu aliisoma amesimama kama kawaida yake. Kisha akakaa.

Simu ikalia. Alikuwa meneja wa makao mengine, mtu mnene wa polepole tunayemwita Bwana Taratibu, ambaye dada yangu alikuwa akimcheka kwa miaka.

"Mama Jana, umeona? Wametusikiliza! Mimi niliandika mistari miwili tu. Nikawaambia nina mabibi wawili hapa wanaogombana kutwa nzima, na ukimtoa mmoja, mwingine hali. Wewe uliandika nini? Najua yako ilikuwa ndefu."

Dada yangu akavua miwani.

"Mama Jana?"

"Sikuandika," dada yangu akasema.

"Unanitania."

"Sikuandika, nimekwambia."

Bwana Taratibu si mtu wa kumkanyaga aliyeanguka. Alikohoa, akauliza habari za mvua, akaaga. Lakini dada yangu alibaki na kile kipokeo mkononi muda mrefu. Kwamba wizara ilikuwa imeuliza! Kwa mara moja katika maisha yake serikali iligeuka ikamwuliza yeye, wewe unayewaona kila siku, unasemaje? Naye alikuwa na jibu limekaa pale langoni, linashona vifungo na kusomewa gazeti, jibu bora kuliko la mameneja wote. Akalipakia kwenye gari.

Kesho yake alisafiri mwenyewe kumfuata Fundi. Hakutuma mtu. Alivaa viatu vya mkutanoni, sijui kwa nini.

Nyumba ya mpwa ilikuwa na chumba kipya ubavuni, matofali bado yananuka unyevu, dirisha limewekwa upande wa jua la asubuhi. Cherehani ilikuwa ndani, wamemnunulia. Watoto walikuwa wamejaa mlangoni. Fundi alimpokea vizuri, akamtolea kiti, akageuza sikio la kulia.

"Nimekuja kukurudisha," dada yangu akasema. "Nilikosea. Sheria inakuruhusu kurudi. Nafasi nitaipata, hata nilale mimi nje."

Fundi alitunga uzi kwenye sindano mpaka dada yangu akadhani hajasikia. Akarudia kwa sauti.

"Nimesikia mara ya kwanza," Fundi akasema. "Mwanangu, umeuona ukuta huo? Kijana aliujenga jioni akitoka kazini, kwa mikono yake. Mkewe alichota maji. Mtaa mzima umekuja kuona chumba cha mjomba. Leo nikitoka, watu watasema nini? Watasema mzee alinyanyaswa. Nitamfanyia hivyo mtoto wa dada yangu?"

"Lakini wewe mwenyewe unataka nini, Fundi?"

"Ulipaswa kuniuliza siku ile." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemwonyesha mteja kwamba kitambaa kimeshakatwa. "Nilitaka kubaki. Siku ile ningesema kubaki, na hakuna ambaye angeumia. Sasa kila ninachotaka kinamuumiza mtu."

Dada yangu akamweleza kwamba angemleta Bi Simu kutembea. Fundi akatikisa kichwa; nyonga zile na barabara ile, wote wawili walijua.

"Bado anasoma gazeti?" akauliza.

"Anasoma," dada yangu akasema.

Fundi akamtazama. "Na wewe umevuta pumzi," akasema, akainamia cherehani yake.

Dada yangu alirudi makaoni jioni ya siku ya pili. Walezi wanasema alipita korido nzima bila kumwambia mtu yeyote lini kitu kinatakiwa. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa Bi Simu, akavuta kigoda, akakaa chini kuliko yeye, upande wa kulia, akamweleza yote bila kupunguza: rasimu, maoni ambayo hakuyaandika, chumba kipya, na kwamba Fundi harudi. Akasema, "Nisamehe, mama."

Na hapo, wasomaji wangu, Bi Simu yule ambaye nyonga zilimkatalia, aliyasikia maneno hayo, akashika mikono ya kiti chake, akainuka! Akasimama wima kama askari, akamkumbatia dada yangu, na makao mazima yakalia, Mheshimiwa akatoka na soksi moja, na kile kiti cha magurudumu chenyewe kikaanza kubingirika kuelekea langoni kana kwamba kinamfuata Fundi huko huko, na Bi Simu akamwambia dada yangu, mwanangu, nimekusamehe tangu—

"Wee kaka, acha."

Yuko nyuma yangu, miwani puani, sijui amesimama hapo tangu lini.

"Hakuinuka. Na hakusema amenisamehe. Aliniuliza kama chumba kipya cha Fundi kina dirisha. Nikamwambia kinalo. Kisha akaniomba nizime taa nikitoka. Andika hivyo."