Kukung'uta Mbeleko

Mwizi wa familia yetu alikuwa na miezi kumi na meno manne, na mimi ndiye niliyembeba. Ninalisema hili mapema kwa sababu hapa Tabora wapo watu ambao mpaka leo wanaisimulia habari hii kichwa chini miguu juu, na nimechoka kuwasahihisha mmoja mmoja.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye baraza ya nyumba ya kale kule Gongoni. Nyumba ile ina mlango mzito wa mbao ambao mwenye nyumba hupenda kusema uliwaona wapagazi wa misafara wakitua mizigo yao. Mafundi wa nguo wana sifa moja mbaya nchi nzima: ukiwapa kitambaa, wanakila. Unapeleka mita nne, gauni linarudi limebana, na kilichobaki hukioni tena mpaka siku unapomkuta mtoto wa fundi amevaa sketi ya rangi yako. Mama hakula kitambaa cha mtu. Kila nguo aliyoimaliza aliikunja, na juu yake akaweka vipande vyote vilivyobaki, amevifunga kwa ukanda wa kitambaa hichohicho. Hata kipande cha ukubwa wa kiganja kilirudi kwa mwenyewe. Watu walipanda treni kutoka Kigwa, wakawapita mafundi kibao, wakaja kwake kwa ajili ya kifurushi kile. Nami nilijivunia kana kwamba ni mimi niliyekuwa nakifunga.

Mwaka huo kwaya ya kina mama ya kanisani kwetu, ambamo mama mwenyewe aliimba sauti ya pili, ilimpa kazi ya kushona sare za Pasaka, magauni ya rangi ya damu ya mzee. Majora ya kitambaa yalikuwa yameshaletwa nyumbani. Tulikwenda kununua uzi katika duka la vifaa vya ushonaji karibu na soko. Lilikuwa duka la aina mpya kwetu: unapita mwenyewe kwenye rafu, unachukua unachotaka, halafu unalipia kwenye kaunta ya mlangoni. Mama aliinama kutafuta zipu kwenye rafu ya chini. Mimi nikasimama nyuma yake, mgongo wangu ukiwa umeelekea rafu ya nyuzi. Mdogo wangu alikuwa ndani ya mbeleko, mikono nje. Alikuwa na mkono mwepesi sana yule. Jumapili iliyotangulia alikuwa amemvua mchungaji miwani.

Tulilipia rola sita za uzi. Nyumbani, nilipofungua mbeleko, rola ya saba ilidondoka sakafuni ikabingirika mpaka miguuni kwa mama. Ilikuwa damu ya mzee, rangi ileile. Mdogo wangu aliifuata kwa macho kama mtu aliyenyang'anywa mali yake.

"Mama, tunyamaze tu," nilisema. "Hakuna aliyeona."

Mama aliiokota rola.

"Vaa viatu," akasema.

Dukani alikuwepo kijana wa miaka kama ishirini na mitano, aliyeachiwa duka na baba yake na ambaye bado alidhani kila anayeingia anamwibia. Mama aliweka rola juu ya kaunta, akaeleza ilivyotokea. Kijana aliutazama uzi, akautazama mfuko wa mama, kisha akanitazama mimi. Nyuma yetu walisimama watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wateja wa mama.

"Mama, sema tu umeogopa kukamatwa," alisema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mafundi nawajua. Umerudisha moja, ngapi zimebaki nyumbani?"

Nilisubiri mama amrarue. Mimi ningemrarua. Yeye alisema, "Mwanangu, nimekuletea uzi ambao hukujua umepotea," akanishika mkono, tukatoka.

Kufikia siku ya tatu, mji mzima ulikuwa umeshajua kwamba fundi wa Gongoni amekamatwa na nyuzi. Shuleni waliniita Rola. Nilimpiga mmoja wao usoni kwa daftari la hisabati, nikaadhibiwa kufagia uwanja, na sijutii. Barazani mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu yalifanyika kwa adabu. Mteja aliyekuwa akimrushia mama kitambaa na kukimbilia sokoni sasa alikaa, akakipima kwa mkono wake, kutoka ncha ya vidole mpaka kifuani, mara ya kwanza, mara ya pili, huku akizungumzia mvua. Mama alimpa futi. "Pima na hii, mama. Mkono unadanganya."

Kisha akaja mwenyekiti wa kwaya kuchukua majora yake. Alisema kina mama wameonelea kazi igawanywe. Hakusema igawanywe kwa nani. Mama alimpimia kitambaa chote mbele yake, akamkabidhi na gauni la mfano alilokuwa ameshaanza kulikata, na juu yake akaweka vipande, vimefungwa. Yule mama alikipokea kifurushi macho chini. Alipoondoka, mama aliweka rola zetu sita ndani ya kopo na kufunga kifuniko. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinapotea. Kama jina lake la fundi asiyekula kitambaa lingekufa, angebaki na cherehani tu, na cherehani kila mtu anayo.

Baba alikuwa kibarua wa reli, akiishi Igalula siku za kazi na kurudi kwetu Jumamosi. Habari zilimfikia kule kabla hata mama hajamsimulia. Aliingia na viatu vyake vya kazi, akakaa.

"Mama watoto, si ungemtuma mtoto akauweke ule uzi mlangoni pa duka, akimbie?"

"Nimfundishe mwanangu kutupa kitu na kukimbia?" mama alimjibu. "Anayekimbia ni aliyeiba."

Baba hakula vizuri usiku ule. Nilimwonea hasira; nilidhani anamwonea mama aibu.

Lakini mama alikuwa na jambo lake. Vifaa vya kazi alivihitaji, na alikataa kuhama duka. Jumatatu tulirudi palepale. Alichukua zipu mbili, akalipa, kisha akaniambia pale kwenye kaunta, "Fungua mbeleko." Nilimshusha mdogo wangu. Mama akaishika mbeleko kwa ncha mbili, akaikung'uta mara tatu mbele ya yule kijana. Ikatoka makombo ya mkate. Akamfunga tena mtoto mgongoni kwangu, akaaga kwa heshima zote. Ikawa hivyo kila tulipokwenda. Mwanzoni nilitamani ardhi inimeze. Baada ya wiki kadhaa nilianza kuionea hamu ile safari, kwa sababu niliona kwamba mwenye aibu si sisi tena. Kijana alikuwa akituona mlangoni anajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta.

Jumamosi moja baba aliamka akasema leo dukani anakwenda yeye. Akamchukua mdogo wangu, akainama, akamrusha mgongoni, akafunga mbeleko kifuani kwa fundo alilozoea kufungia kamba kule reli. Kwetu mwanamume habebi mtoto kwa mbeleko, labda nyumbani kwake mlango ukiwa umefungwa. Baba alipita katikati ya soko asubuhi kweupe, viatu vya kazi miguuni, mtoto mgongoni, akimwamkia kila aliyecheka: "Mwangaluka, mwangaluka." Wauza dagaa walipiga vigelegele vya kumtania. Mimi na mama tulifuata nyuma, na mama, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu habari ile ianze, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kitenge. Baba alinunua pakiti moja ya sindano. Akalipa. Akafungua mbeleko, akaikung'uta kwa nguvu mpaka karatasi za risiti zikaruka kaunta nzima.

"Baba, basi," kijana alisema polepole. "Inatosha."

"Mwenye kusema inatosha ni mama yao," baba alijibu.

Kijana akamgeukia mama. Mama akasema, "Bado."

Sijawahi kuwapenda wazazi wangu kama siku ile.

Pasaka ilifika. Sare zilikuwa zimeshonwa na fundi mwingine, mikono mifupi, mapindo yamekwenda upande. Mama alivaa ya kwake vilevile ilivyokuja. Alikataa hata kunyoosha upindo. Alisimama mstari wa mbele akaimba sauti yake ya pili. Wateja walirudi polepole, wengine kwa kujificha, wakileta mashuka ya kukunja pindo kwanza, kisha vitambaa vya maana.

Kiangazi, yule kijana wa duka alikuja barazani na kitambaa cha mchumba wake cha sendofu, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi, cha bei ya kutisha.

"Shikamoo, mama. Mchumba wangu amesema hataki kushonewa na mwingine."

"Marahaba, mwanangu. Chukua futi, pima."

"Hakuna haja."

"Pima."

Alipima, akakosea, akapima tena. Wiki mbili baadaye alirudi kuchukua gauni. Barazani palikuwa na wateja watano, na mwenyekiti wa kwaya alikuwa mmojawao. Mama alimpa kijana gauni, akampa na kifurushi cha vipande. Alikuwa amefunga humo mpaka vijipande vya ukubwa wa ukucha. Usiniulize kama hiyo ilikuwa kawaida yake. Kijana alikifungua, akavitazama, akakifunga tena. Kisha akawageukia wale kina mama, na kwa sauti ileile ya kusikika mpaka barabarani akasema, "Huyu mama aliniletea uzi ambao mimi sikujua umepotea. Nikamwita mwizi. Nilikosea."

Mama aliendelea kukanyaga cherehani, lakini niliona anashona mahali pasipokuwa na kitambaa.

Mdogo wangu sasa ni kijana anayenizidi urefu, na nikimkumbusha kuhusu rola ya saba anasema hakumbuki kitu. Mimi nina mtoto wangu mgongoni, na sitoki duka lolote bila kuikung'uta mbeleko. Mara nyingine muuzaji mzee husema, "Huyo ni wa yule fundi," nami hutembea kwa madaha mpaka nje.

Siku chache baada ya maneno yale ya barazani, tulikwenda dukani kununua uzi mweupe. Mama alilipa. Mimi, kwa mazoea, nikaanza kufungua fundo la mbeleko. Yule kijana wa duka alisimama wima akisubiri, macho hayakwenda chini ya kaunta.

Mama aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Mwache," alisema. "Amelala."